Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani na IGP: hicho kipengele cha "hana mtoto" kitoeni kwenye sifa za kujiunga na polisi

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Afande IGP, na waheshimiwa wabunge mnaokaa kwenye Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, shikamooni.

Najua barua za namna hii zinawafikia nyingi na nyingine ni lawama mwanzo mpaka mwisho, hii yangu ni ombi, tena ombi moja tu. Kila mnapotoa tangazo la ajira mpya za askari polisi, kwenye orodha ya sifa kunakuwa na kipengele kinachosema mwombaji awe hajaoa au hajaolewa na awe hana mtoto. Naomba kipengele hicho kitoke kabla ya tangazo lijalo. Nitaeleza kwa nini, na mnisamehe nikirefusha, ni jambo linaloniuma na sioni likisemwa na watu wenye sauti kubwa kuliko mimi.

Mimi nina steshenari hapa Kahama, jirani na stendi. Tangazo la polisi likitoka vijana wanajaa tangu asubuhi, huyu anataka kuskani vyeti, huyu pdf yake ni kubwa mfumo unaikataa, huyu kasahau paswedi ya imeili aliyofunguliwa na kaka yake mwaka juzi, mwingine anaomba karatasi nyeupe ya kuandikia barua ya maombi kwa mkono. Wengi wanakuja hawajalisoma tangazo lote, wameona kipande tu wasap, kwa hiyo mimi utaratibu wangu ni kuwasomea sifa zote kabla sijapokea hela ya mtu, sipendi kijana atoe buku tano yake kwa kitu ambacho hakimhusu.

Nasoma, wao wanaitikia. Raia wa kuzaliwa, ndiyo. Umri miaka 18 mpaka 25 kwa wa fomu foo na fomu sikisi, wa digrii mpaka 30, ndiyo. Divisheni foo iwe ya pointi 26 mpaka 28, hapo kuna anayepumua kwa sababu ana 27 na kuna anayeondoka na 30 yake. Urefu futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 4 kwa wanawake, wanasimama ukutani wanapimana kwa tepu ya fundi cherehani wa jirani. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, asiwe na tatuu, asiwe na kumbukumbu ya uhalifu, awe tayari kufanya kazi popote Tanzania, awe tayari kujigharamia hatua zote za usaili. Mimi hayo mengine leo sigombani nayo, ingawa kwenye huo urefu na hizo gharama za kujilipia nauli na malazi nina maneno yangu, siku nyingine. Sasa tukifika kwenye "hana mtoto", wavulana wanaendelea kuitikia kama kawaida. Mabinti ndo utaona mmoja anaangalia simu, mwingine anaanza kukusanya vyeti vyake taratibu anavirudisha kwenye bahasha.

Kuna mmoja nitamweleza bila kumtaja. Divisheni three, urefu anao wa kutosha na unabaki, michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, alikimbia mpaka ngazi ya mkoa, Kiingereza anaongea bila kugugumia. Mtoto alimpata akiwa kidato cha pili, akakaa nyumbani, akarudi darasani akamaliza. Nilipokisoma kile kipengele akaniuliza, "Dada, hata kama mtoto analelewa na mama yangu?" Nikamwambia tangazo halijasema analelewa na nani, limesema hana mtoto. Akakaa kidogo akauliza tena, "Na aliyenizalisha yeye akiomba wanamkubali?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa maandishi, na yeye baba hatakiwi, kipengele kinamhusu kila mtu. Kwa vitendo sote tunajua hali ilivyo, mwanaume anaandika hana mtoto na hakuna kitu kwenye mwili wake kitakachombishia.

Mheshimiwa Waziri, naomba hapo tupaangalie vizuri maana ndo penyewe. Sharti limeandikwa kwa wote lakini mzigo wote kaubeba mwanamke. Kijana wa kiume mwenye watoto wawili kwa mama tofauti, mmoja Isaka mwingine Nzega, anapita kwenye usaili, anapimwa afya, anakimbizwa, anakwenda zake Moshi kwenye chuo cha polisi anarudi na magwanda. Binti anakwenda kwenye usaili anawaza michirizi ya tumbo, anawaza kovu la oparesheni, anawaza jirani mwenye roho mbaya atakayepiga simu. Wapo wanaokata tamaa hapohapo kwenye kiti cha steshenari kabla hata hawajafika kwa daktari wa serikali. Sheria inayomkamata mmoja na kumwacha mwenzake kwa kosa hilohilo, kama tukubali ni kosa, mnajua wenyewe kwa kazi yenu inaleta manung'uniko gani kwa wananchi.

Na wale wasiokata tamaa mnawafundisha nini? Mnawafundisha kudanganya. Alikuja mama mmoja hapa na kijitabu cha kliniki cha mjukuu wake, anataka nimsaidie kuomba cheti cha kuzaliwa cha RITA, ila kwenye nafasi ya mama wa mtoto niandike jina lake yeye bibi. Nikamwambia mama hilo siwezi, hizo ni taarifa za uongo kwenye nyaraka ya serikali. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba binti yake anataka kuomba polisi, na huyu mtoto akisomeka ni wa bibi basi binti yuko safi. Alikuwa haoni kama anafanya uhalifu, alikuwa anaona anamuokoa mwanae. Fikirieni Afande, huyo mtoto atakua anamwita mama yake dada, kwa sababu ya mstari mmoja kwenye tangazo lenu, na huyo binti siku anakula kiapo cha kusema kweli na kulinda sheria, ameshaanza utumishi wake na uongo ambao hataweza kuufuta, kila mtu anayeujua anaweza kumtishia nao miaka yote ya kazi yake. Polisi mwenye siri ya kushikiwa ni polisi ambaye mtu anaweza kumwambia lifute hilo faili la sivyo nakuchoma.

Turudi nyuma kidogo tuone serikali yenyewe imetoka wapi. Mwaka 2017 pale Chalinze, hayati Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi akipata mimba harudi tena kwenye shule ya serikali, na kwa miaka ile mabinti wengi walipotelea hapo. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, wizara ya elimu ikatangaza kwamba waliokatisha masomo ikiwemo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi kwenye mfumo rasmi, na mwanzoni mwa 2022 mwongozo ukatoka. Kuna na ile njia mbadala ya kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mabinti wanasoma bure kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Jambo zuri sana hilo, mimi binafsi nimewaona wamerudi, nimewaprintia notsi, nimewafotolea pasti pepa. Sasa hesabu ni rahisi, aliyerudi 2022 akaingia kidato cha pili, kidato cha nne kamaliza 2024, matokeo kayapata Januari 2025. Yani kundi la kwanza la mabinti ambao serikali iliwaambia rudini, hamjaharibikiwa, maisha bado yapo, ndo hawa sasa hivi wanakuja na vyeti vyao kwenye ajira za serikali. Na mlango wa kwanza wanaogonga, maana ndo unaochukua watu wengi wa fomu foo kwa mpigo, unawaambia nyinyi hapana. Wizara moja imewatoa shimoni, wizara nyingine inawarudisha, na serikali ni ileile.

Na sio watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kupata ujauzito. Utafiti wa 2015-16 ilikuwa 27. Imeshuka, tunashukuru, ila bado ni zaidi ya msichana mmoja kwa kila watano, na hapo hatujafika kwa wa miaka 20 mpaka 25 ambao ndo umri wenu hasa wa kuajiri.

Kuna hoja naisikia sana, hata kwa wateja wangu wanaume wakiwa kwenye foleni, kwamba mtoto nje ya ndoa ni dalili ya kukosa maadili na polisi ni kazi ya maadili. Naijibu kwa sheria ambayo nyinyi wenyewe ndo wasimamizi wake. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mwanaume kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye sio mke wake ni kubaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikabadilishwa, anayempa mimba mwanafunzi jela miaka 30. Kwa hiyo binti aliyezaa akiwa na miaka 16, mwanafunzi, kwa macho ya sheria za nchi hii ni mhanga wa jinai. Jalada lake lilitakiwa lifunguliwe kituoni. Mtuhumiwa alitakiwa akamatwe na polisi, na tunajua kesi nyingi zinaishia njiani, familia zinakaa zinalipana ng'ombe, shahidi haji, mtuhumiwa anahamia mgodini. Sawa, hayo ni magumu, sitaki kuwabebesha yote. Lakini polisi haohao ambao hawakuweza kumpatia haki yake akiwa na miaka 16, akifika miaka 20 anataka kuungana nao ili awasaidie wenzake, wanamwambia sifa huna kwa sababu ulifanyiwa kile kitu. Hapo maadili ya nani yamepimwa?

Na upande wa ndoa ni hivyohivyo, tena pengine pabaya zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 vifungu vya 13 na 17 vinaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana ni mpaka afikishe 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 vifungu hivyo vinavunja Katiba, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Marekebisho ya hiyo sheria tumeyasubiri miaka na miaka. Huku kwetu kanda ya ziwa sina haja ya kuwaeleza, msichana anaozeshwa na baba yake, ng'ombe zinaingia zizini, yeye hakuulizwa. Ndoa inavunjika ana miaka 18 au 19, anarudi kwao, anatafuta shule, anahangaika. Anakuja kuomba polisi anaambiwa awe hajaolewa. Aliolewa lini yeye? Aliozeshwa, kwa sheria ya nchi, na nchi hiyohiyo inamtoza kwa hilo.

Sasa nije kwenye sheria ya kazi, na hapa nawaomba wabunge mnisikilize kwa sababu niliisoma mwenyewe, nimeiprinti, iko kwenye droo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 2 kinasema haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Wengi wanaishia hapo wanafunga kitabu wanasema basi, majeshi yana utaratibu wao. Lakini ukiendelea kusoma kifungu hichohicho kinasema vifungu vya 5, 6 na 7 vinayahusu majeshi pia. Na kifungu cha 7 ndicho kinachokataza ubaguzi. Orodha yake inataja jinsia, inataja ujauzito, inataja hali ya ndoa, inataja majukumu ya familia, mambo yote yaliyomo kwenye mstari wenu mmoja. Na kwa kuogopa mtu asije akasema mimi sijambagua mfanyakazi, nimembagua mwombaji tu, sheria inasema sera na taratibu za ajira ni pamoja na namna ya kuajiri, matangazo na vigezo vya kuchagua watu. Tangazo lenu ni tangazo, sifa zenu ni vigezo. Ongezeni na Katiba ibara ya 22, inayosema kila raia anastahili fursa na haki sawa ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi.

Mwanasheria wenu atasema sheria hiyohiyo inaruhusu kubagua kama ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Ni kweli inaruhusu. Basi tuulizane, kutokuwa na mtoto ni hitaji la msingi la kazi ya polisi? Kama ni hivyo, mbona askari akishamaliza mafunzo akafanya kazi, akafuata taratibu, anaoa, anaolewa, anazaa, anapewa likizo ya uzazi, na anarudi kazini anaendelea mpaka anapanda vyeo? Kamanda wa wilaya ana watoto. Mkuu wa kituo ana watoto. Trafiki anayesimama juani hapa njia panda ana watoto, tena nawajua wanakuja kununua madaftari dukani kwangu. Kazi wanaifanya. Kitu ambacho hakimzuii mtu kuifanya kazi akiwa ndani, kinamzuiaje kuiomba akiwa nje?

Linalobaki ni mafunzo, na hapo nakubaliana nanyi kabisa kwamba kuna jambo. Kozi ya awali ni ya kukaa kambini miezi mingi, kwata, mbio, silaha, kulala porini, huwezi kumpeleka mjamzito kule, na huwezi kumpeleka mama anayenyonyesha ukamwacha mtoto mchanga analia kijijini. Hakuna mwenye akili atakayebishana na hilo. Ila hilo linaandikwa lilivyo. Wenzetu Kenya tangazo lao la makonstebo linasema mwombaji wa kike asiwe mjamzito wakati wa usaili na wakati wote wa mafunzo, wamefunga hapo. Hawakumuuliza kama ana mtoto wa miaka mitatu nyumbani kwa bibi yake. Nao wana makambi, kwenye chuo chao cha polisi Kiganjo hawafundishi watu kwa kubembelezana.

Halafu kuna lile la uhamisho, kwamba mwenye familia ni mgumu kumpangia kituo. Mwalimu wa kike mwenye watoto anapangiwa Kibondo anakwenda. Nesi anapangiwa Longido anakwenda. Na huyo binti asiye na mtoto mnayemchukua leo akiwa na miaka 21, mpaka anafika 25 ana mume na mtoto, mtamhamisha vilevile. Yani mnachokipata kwa sharti hili ni miaka michache tu ya askari asiye na familia, na mnachokipoteza ni mtu mwenye uwezo ambaye hatorudi tena maana umri utakuwa umempita.

Wengine wanasema waombaji ni wengi, nafasi chache, lazima kuwe na chujio. Sawa, chujeni kwa mbio. Chujeni kwa mtihani wa kuandika, kwa sababu maelezo ya shahidi yakiandikwa vibaya kesi inakufa mahakamani. Chujeni kwa kuulizia tabia ya mtu mtaani kwao, kwa mtendaji, kwa waliomfundisha. Mkimaliza hayo yote mkabaki na wengi, chukueni wa kwanza mpaka wa mwisho kwa alama. Mtu akiangushwa hivyo anaondoka anajua ameshindwa na mwenzie, atajipanga arudi mwakani.

Na sasa niseme kwa nini nawataka hawa mabinti ndani ya polisi, maana isije ikaonekana nawaombea huruma tu. Rais aliunda ile tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, ikaongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ripoti ikatoka 2023, nchi nzima ikawa inazungumzia tunataka polisi wa aina gani. Mimi nawajibu kutokea hapa nilipo. Nyinyi wenyewe mlianzisha Dawati la Jinsia na Watoto, sasa yapo mamia nchi nzima, na ni moja ya vitu bora mlivyowahi kufanya. Lakini dawati ni mtu anayekaa pale. Msichana wa miaka 14 analetwa na shangazi yake, nguo zilezile, hajaoga kwa sababu kuna mtu alimwambia asioge ushahidi utapotea, anatakiwa aeleze kilichotokea ili apewe fomu ya polisi ya PF3 aende hospitali. Kwenye kaunta kuna watu wa bodaboda wamekuja kufuata pikipiki yao, kuna mlevi analia, na askari kijana wa miaka 22 ambaye hajawahi kulea hata mdogo wake anamuuliza kwa sauti, sasa wewe ulikuwa unafuata nini kule usiku? Simlaumu sana huyo kijana, hajui. Mtoto anafunga mdomo, shangazi anaona aibu, wanaondoka, na mbakaji kesho yuko kijiweni anacheza pool.

Mweke pale mwanamke aliyewahi kuwa upande wa pili wa ile kaunta. Anajua swali gani linauma. Anajua mtoto akinyamaza sio kwamba anadanganya. Anajua kwamba mama mwenye mtoto mgongoni aliyekuja kushtaki mume saa nne usiku hajaja kupoteza muda wa serikali, kwa sababu kutoka tu kwenye ile nyumba usiku ni kazi. Hiyo elimu hamuwezi kuitoa Moshi kwa miezi yoyote ile, na wapo wanaokuja nayo tayari, na mnaifanya ndo sababu ya kuwakataa. Maafande wanawake wa TPF-Net, ule mtandao wa polisi wanawake, ambao mnatembelea shule zetu mnawaambia wasichana mkipata mimba msikate tamaa, nawaheshimu mno, na barua hii ni yenu pia. Mnapowaambia wasikate tamaa, tafadhali simameni na nyinyi huko ndani mseme hiki kipengele kinawakatisha tamaa.

Ninachoomba ni hiki. Maneno "awe hajaoa au hajaolewa na hana mtoto" yafutwe. Mahali pake paandikwe mwombaji wa kike asiwe mjamzito wakati wa usaili na kipindi chote cha mafunzo ya awali. Kama mna wasiwasi na watoto wachanga, wekeni umri wa chini wa mtoto, hata mkisema miaka miwili mimi sitapinga, na mwombaji mwenye mtoto, mwanaume kwa mwanamke, alete barua ya mlezi iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa kwamba mtoto ana pa kukaa wakati mzazi yuko chuoni. Mwanaume naye aulizwe, aandike, asaini, na akigundulika kadanganya achukuliwe hatua kama mwanamke. Na kwa wale waliozaa wakiwa wanafunzi wakarudi shule kwa mwongozo wa serikali, wekeni wazi kwenye tangazo kwamba hilo halihesabiki kama dosari ya tabia. Hayo mabadiliko hayahitaji bajeti, hayahitaji kujenga jengo, ni mistari mitatu kwenye karatasi ambayo ofisi yenu ndo inaitunga kila mara.

Najua Magereza, Zimamoto na Uhamiaji wako chini ya wizara hiyohiyo, Mheshimiwa Waziri, na masharti yao yanafanana fanana, kwa hiyo mkianza polisi na wao watafuata. Wabunge, mnaweza kuuliza swali bungeni kwenye kikao kijacho, swali dogo tu, ni hitaji gani la msingi la kazi linalotimizwa na kipengele hiki, na kwa nini kisionekane kinakwenda kinyume na kifungu cha 7 cha sheria ya ajira ambacho bunge hilohilo lilikipitisha likijua kabisa kinawahusu polisi. Jibu likitoka liwe kwenye Hansadi tulisome.

Na kama baada ya kukaa na kufikiri mtaona bado kipengele lazima kibaki, basi naomba sababu ziandikwe kwenye tangazo lenyewe chini ya hicho kipengele, kwa Kiswahili cha kawaida, ili siku nyingine binti akiniuliza niwe na kitu cha kumsomea kutoka kwenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Dada wa steshenari, Kahama